Kutwika, Kutembea, Kutua

Anayetaka kuujua ufundi wa kubeba mzigo kichwani asianze na kichwa. Aanze na nyayo. Katika ile barabara fupi ya Busia inayounganisha lango la Kenya na lango la Uganda, nyayo za kila aina hupita: malapa ya wachuuzi, viatu vya madereva wa malori, buti za askari, miguu mitupu ya watoto. Za mama aliyejitwika utazijua hata ukiwa umeinamisha macho. Hazigongi chini. Kisigino hutangulia, uzito ukafuata wayo polepole hadi vidoleni, na mguu wa pili huwa umeshapokea kabla wa kwanza haujaaga. Mkononi ana mkoba, mgongoni huenda ana mtoto, na kichwani amepanga trei kumi za mayai kutoka Uganda. Mayai 300. Anamkwepa mwenye pikipiki, anamsalimu shemeji yake aliye ng'ambo ya barabara, na hakuna yai linalogutuka.

Nimeutazama ufundi huu asubuhi nyingi, na heshima yangu kwake huongezeka kila nikiutazama. Watu huuita nguvu. Husema, mama huyo ana shingo ngumu. Shingo ngumu ndiyo ingemwangushia mayai. Yanayoyabeba ni mazungumzo yasiyokatika kati ya nyayo, misuli, ngozi, masikio, macho na ubongo. Mazungumzo hayo hupita kwenye neva, na zile zenye kasi zaidi husafirisha habari zaidi ya mita 80 kwa sekunde moja. Kabla hujamaliza kutamka "pole", mwili wake umeshajirekebisha mara kadhaa.

Mpakani hapa vyombo vya kubebea vimebadilika sana. Boda boda ilizaliwa hapa katika miaka ya 1960, wenye baiskeli walipoanza kuwavusha wasafiri kati ya kituo cha nchi moja na cha nchi nyingine. Baiskeli zikaipisha pikipiki. Tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni wakafungua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka, ambapo msafiri hukaguliwa upande anaoingia tu. Huko Malaba, mwendo wa kilomita zipatazo 30 kuelekea kaskazini, malori ya kutoka Mombasa hupanga foleni ndefu, na mizigo mingine hupita kwa reli. Katikati ya yote hayo kichwa hakijastaafu. Hakihitaji mafuta wala kibali cha kuegesha, na hupita palipobaki nafasi ya bega moja kati ya lori na lori, hata pale ambapo mvua za masika zimegeuza kando ya barabara kuwa tope. Upande wa Kenya huja ndizi, mananasi, maharagwe na mayai. Omena, dagaa wa Sio Port na Port Victoria, nao wana njia zao.

Kutwika ni kazi ya watu wawili. "Nitwike, dada," mmoja husema, na mwenzake huacha shughuli zake akaja, maana zamu yake haiko mbali. Hulinyanyua beseni pamoja hadi kifuani, wakatazamana, wakasema "haya", kisha beseni likapanda. Hilo "haya" ni sehemu ya ufundi. Mwaka 1967 watafiti wa Moscow walipima misuli ya watu waliosimama wima wakiinua mkono mbele yao. Walikuta misuli ya paja inakaza kabla ule wa bega haujaanza kazi. Ubongo hausubiri mwili uyumbe ndipo uusimamishe. Huukisia mtikisiko unaokuja na kuweka tegemeo mapema. Mama aliyesikia "haya" ameshaandaa mapaja, kiuno na shingo kabla beseni halijagusa utosi. Mzigo huohuo ukimshukia ghafla, bila neno, unaweza kumtegua hata ukiwa mwepesi. Ndiyo maana wakongwe hawamruhusu mtu mwenye papara awatwike.

Kisha ngata. Ni kipande cha leso au cha shuka kuukuu, kinasokotwa na kuviringwa hadi kiwe duara. Mwenye haraka hudhani kazi yake ni kuzuia utosi usiumie tu. Nimeona mama wa makamo akiifungua ngata yake na kuisokota upya mara kadhaa kwa sababu upande mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine. Alikuwa na haki. Ngozi ya utosi ina vihisio vinavyopima mgandamizo, na ngata iliyo sawa pande zote huvipa kipimo cha kuaminika. Beseni likianza kuegemea kushoto, ngozi ya kushoto huminywa zaidi, na habari hiyo huwa njiani kuelekea ubongoni kabla jicho halijaona kitu. Ngata yenye kinundu hudanganya, na mwili uliodanganywa hurekebisha kosa lisilokuwepo.

Chini ya ngata kipo kichwa, ambacho peke yake kina uzito wa kilo 4 hadi 5, kikiwa kimesimama juu ya pingili saba za shingo. Ndani ya kila sikio, mahali ambapo sauti haihusiki, kuna mifereji mitatu midogo ya nusu duara iliyojaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji huchelewa kidogo, vinywele vilivyomo hupinda, na neva hupeleka taarifa. Pembeni mwake vipo vifuko viwili vyenye chembechembe nzito zinazoujulisha ubongo chini ni wapi. Kwa taarifa hizo macho hurekebishwa katika muda wa milisekunde 10 hivi, ndiyo maana dunia haitikisiki machoni petu tunapotembea. Mama aliyejitwika huzisaidia taarifa hizo kwa namna anavyotazama: macho yake hukaa mbali, hatua nyingi mbele, hayafukuzi kila shimo. Akitaka kumwona aliyemwita, hageuzi shingo. Hugeuka mzima, kuanzia miguuni.

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni nyuma ya shingo, pale fuvu linapokutana na pingili za juu. Kuna misuli minne midogo kila upande, midogo mno kubeba chochote cha maana. Lakini imejaa vihisio vya urefu na mvuto kwa wingi ambao misuli mipana ya mgongo haiukaribii. Kazi yake kubwa ni kuujulisha ubongo kichwa kimekaaje juu ya mwili. Mwingereza Charles Sherrington, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, ndiye aliyeipa jina la kitaalamu, mwaka 1906, hisia hii ya mwili kujijua ulivyokaa bila kujitazama. Ningependa angesimama nami hapa Busia, aone hisia hiyo ikifanya kazi kwa ajira ya kutwa.

Taarifa za nyayo, ngozi, masikio na shingo hukutana kwenye serebela, ile sehemu ya ubongo iliyo nyuma karibu na kisogo. Ni ndogo, lakini seli nne hivi kati ya kila tano za neva zilizomo ubongoni ziko huko. Ujuzi uliorudiwa miaka mingi hutunzwa huko pia, na ndipo mama anapata akili huru ya kupatana bei, kukumbuka deni la jana na kuangalia pikipiki, huku mwili ukiendelea na kazi usiyohitaji kuamriwa.

Utaona wengine wamenyoosha kidole kimoja kikagusa ukingo wa beseni. Mgeni hudhani wanalishikilia. Kidole kimoja hakiwezi kushikilia kilo 20 za nyanya zikiamua kuanguka. Mwaka 1994 wanasayansi wawili wa Marekani, John Jeka na James Lackner, walionyesha kwamba mtu aliyesimama akigusa kitu kisichosogea kwa ncha ya kidole, kwa mguso hafifu usioweza kumtegemeza, huyumba kidogo sana kuliko asiyegusa. Kidole kiliupa ubongo habari, na habari ilitosha. Beseni la Busia linasogea, kwa hiyo jambo si lilelile kabisa, lakini naamini wanawake hawa waligundua kwa vidole vyao binamu wa jambo hilo. Wabebaji wa maji nao wana lao: huweka majani au bakuli jepesi juu ya maji ya ndoo ili mawimbi yafe kabla hayajawa makubwa. Wimbi la ndoo likiachwa lina mdundo wake, na mdundo ule ukilingana na ule wa hatua, shingo ndiyo hulipa.

Sayansi iliwahi kuja kuwapima wabebaji wa Kenya. Mwaka 1986 G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake akiwemo Norman Heglund, alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake Waluo waliobeba kichwani na Wakikuyu waliobeba kwa ukanda wa paji la uso. Walitembea kwenye mashine, pumzi zao zikipimwa oksijeni. Mpaka mzigo ulipofika asilimia 20 ya uzito wa mwili, matumizi yao ya oksijeni hayakuongezeka. Kwa mama wa kilo 60 hizo ni kilo 12 za kubebwa bila gharama inayoonekana. Mwaka 1995 Heglund na wenzake wakaeleza sababu: mtu anapotembea, mwili hupanda na kushuka kila hatua, na nguvu ya kushuka hurudishwa kuwa mwendo, ila nyingine hupotea njiani. Wanawake waliozoea mzigo hupoteza kidogo kuliko wengine. Kuna nukta fupi sana kileleni mwa hatua ambapo wengine wetu tunachelewa kuigeuza nguvu ile. Wao hawachelewi hivyo. Hapo ndipo nyayo nilizozitaja mwanzo zinapopata maelezo yake.

Haki inadai niseme kwamba utafiti wa mwaka 2010 kwa wanawake Waxhosa wa Afrika Kusini haukuipata nafuu hiyo kwa jumla. Baadhi walikuwa na wepesi wa ajabu, wengine hata kidogo. Kwangu hilo haliuondolei ufundi thamani. Linathibitisha kwamba ni ufundi kweli, wenye mafundi na wanagenzi, kwa sababu kitu ambacho kila mtu angezaliwa nacho kisingetofautiana hivyo.

Na maumivu yapo. Waulize jioni, mizigo ikishatuliwa. Shingo inavuta. Mabega yanawaka moto. Vidole vinakufa ganzi usiku. Asiyebeba husikiliza haya kwa upesi na kuyasahau, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sitaki kuupamba mzigo huu: wengi wanaubeba kwa sababu fedha ya usafiri ingekula faida yote, na makuli wa Malaba wanaopakua magunia ya kilo 90 wana hesabu nzito zaidi. Uchunguzi wa wabebaji kuni wa Kongo, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta pingili zao za shingo zimechakaa kuliko za wasiobeba.

Lakini mchakao na maumivu haviendi sambamba kama tunavyodhani. Mapitio ya picha za uti wa mgongo za watu wasio na maumivu yoyote, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Wote hao walikuwa wanaendelea na maisha yao. Kwa hiyo mama mwenye maumivu yanayorudi kila msimu wa mavuno anastahili jibu zaidi ya "mifupa imekwisha", kauli ambayo wengi hutoka nayo kliniki na kuiishi maisha yao yote.

Jibu hilo liko kwenye neva zilezile zilizomfanya awe fundi. Siku anapoteguka, vihisio vya hatari shingoni hutuma habari, na hiyo ni haki yake. Habari hizo zikija kwa wingi na kwa muda mrefu, seli za neva zilizo ndani ya uti wa mgongo huongeza usikivu wao. Clifford Woolf alilionyesha hilo kwa panya mwaka 1983. Kuanzia hapo mfumo huwa kama afisa wa forodha aliyewahi kukuta magendo katika gunia moja la mtama, kisha akaanza kufungua kila gunia linalopita. Mguso wa kawaida husomwa kuwa hatari. Jeraha limepona, lakini ukaguzi unaendelea.

Mwendo nao hubadilika. Mama aliyeogopa shingo yake huikaza kabla ya "haya". Hubana pumzi, hufupisha hatua, huteremsha macho yakawa yanatafuta mashimo. Kila moja kati ya hizo ilikuwa busara siku ya kwanza. Ikidumu miezi, ile misuli midogo chini ya fuvu, iliyokuwa ikisikiliza, sasa imekaa macho kutwa nzima ikilinda. Shingo iliyokazwa haimezi mtikisiko wa hatua, huupitisha wote hadi juu. Beseni hugutuka, na kugutuka huko huuambia ubongo kwamba hofu ilikuwa sahihi. Naona uchungu kuitazama hali hii kwa mtu aliyekuwa fundi, kwa sababu uwezo wake haujapotea. Umegeuzwa kumlinda.

Mtu anaweza kudhani kwamba heri kutohisi maumivu kabisa. Ukitoka mji wa Busia kwa barabara ya Malaba, baada ya kilomita chache unafika Alupe. Leo jina hilo ni la chuo kikuu, na mwaka 2020 maabara ya KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, iliyopo huko ilipima sampuli za madereva wa malori wakati wa korona. Kwa wazee wa hapa, Alupe ni hospitali ya ukoma. Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873, hupenda neva zilizo karibu na ngozi, penye ubaridi: kwenye kiwiko, kando ya goti, kwenye kifundo cha mguu. Akiziharibu, wayo hauhisi. Sisi wengine tukisimama muda mrefu, wayo hulalamika kimyakimya na tunahamisha uzito bila kujua. Aliyepoteza hisia hiyo hahamishi. Hutembea na kijiwe ndani ya kiatu tangu asubuhi, akakigundua jioni penye damu. Vidonda vya ukoma vilivyowatisha watu kwa karne nyingi vilitokana, kwa sehemu kubwa, na maumivu yasiyokuja. Dawa mseto iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 huuponya ugonjwa, lakini neva iliyokufa mara nyingi hairudi, na mgonjwa hulazimika kufundishwa kuikagua miguu yake kwa macho kila siku, akifanya kwa makusudi kazi ambayo mwili ulikuwa ukiifanya wenyewe.

Nikitoka Alupe huwa siwezi tena kuyachukia maumivu ya shingo ya mchuuzi. Nayaona kuwa walinzi waliozidisha kazi, na wanaoweza kufundishwa. Zipo dalili zisizofaa kusubiri: mkono unaopoteza nguvu, ganzi isiyoondoka, miguu inayokuwa mizito, haja ndogo isiyozuilika. Hizo ni za daktari siku hiyohiyo. Yale mengine, yanayokuja na kuondoka, mtaalamu mzuri wa tiba ya viungo huyashughulikia kwa namna ambayo kukhu (bibi) yeyote wa Bukhayo au Samia angeitambua.

Msichana hafundishwi kubeba kwa ndoo iliyojaa. Hupewa ngata tupu, atembee nayo uani. Kisha kikombe cha maji, kisha kidumu cha lita tatu, na anayemfundisha hutembea nyuma yake bila kumshika. Maji yakimwagika, hakemewi sana. Anaambiwa atazame mbele na aendelee. Miezi hupita kabla ya kidumu cha lita tano, na lita 20 zinamngoja akikomaa.

Mtaalamu humrudisha mama kwenye njia hiyohiyo. Kwanza shingo peke yake, igeuke kushoto na kulia hadi pale hofu inapoanza, isivukwe, irudiwe kesho. Pumzi iachiliwe. Halafu ngata tupu, atembee nayo chumbani, macho dirishani. Halafu beseni tupu. Halafu kilo mbili za mtama, siku kadhaa, hata kama anajua anaweza zaidi, kwa sababu anayehitaji kuthibitishiwa si misuli, ni neva. Shingo ikilalamika kidogo usiku, kipimo hubaki palepale, hakiongezwi wala hakiachwi. Wiki inayofuata ni kilo nne. Mwenzake wa sokoni huitwa naye, afundishwe kutwika polepole, na kusema "haya" pale tu mama anapoitikia kwa kichwa. Akirudi mpakani ataanza na trei mbili za mayai, na nyingine zipande kwenye mkokoteni wa jirani mpaka mwenyewe aseme ziongezwe.